Kwa Nini Mshtakiwa wa Ulaghai wa Ajira za Ng'ambo Huachiliwa kwa Dhamana

Katika mahakama za Nakuru, kama ilivyo Eldoret na Kisumu, kesi ya mtu anayeshtakiwa kwa kuwalaghai wengine kwa ahadi ya kazi Kanada, Poland, Qatar au Saudia huwa na siku moja inayojaza ukumbi kuliko nyingine zote. Ni ile siku ya kwanza, mshtakiwa anaposomewa mashtaka, akayakana, kisha wakili wake akasimama kuomba dhamana. Walalamishi huja kwa matatu kutoka Njoro, Molo, Subukia hata Kericho, wengine wakiandamana na wazazi waliouza ng'ombe au kukodisha shamba ili kupata ada ya viza ambayo haikutoka. Hakimu akilikubali ombi, manung'uniko huanza ukumbini kabla faili inayofuata haijaitwa: mahakama imenunuliwa, pesa zetu zimekwenda, kesi imekwisha. Uchungu huo una haki yake, lakini sehemu kubwa ya manung'uniko hayo hutokana na kuitarajia dhamana ifanye kazi isiyo yake, na matokeo yake ni kwamba hoja ambazo zingemfaa mlalamishi siku hiyo mara nyingi hazifiki mbele ya hakimu.

Tuanze na sheria yenyewe. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya kadiri, akisubiri kushtakiwa au kesi yake kusikizwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Chini ya katiba ya zamani, makosa ya kunyongwa kama mauaji na wizi wa mabavu hayakuwa na dhamana kabisa. Leo hakuna kosa lisilo na dhamana, na hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuiomba. Ibara ya 50 nayo inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukizisoma ibara hizo mbili pamoja utaona kwamba mahakama haimfanyii mshtakiwa hisani inapomwachilia. Kuachiliwa ndiyo kanuni, na anayetaka isifuatwe ndiye anayepaswa kueleza kwa nini.

Mzigo huo wa kueleza uko mabegani mwa upande wa mashtaka. Mahakama Kuu ya Bungoma, katika uamuzi ambao mawakili wa eneo la magharibi huutaja mara kwa mara, ilieleza kwamba sababu nzito ni zile zenye nguvu na ushawishi kiasi cha kuifanya mahakama iamini kwa dhati kwamba mshtakiwa hafai kuachiliwa. Dhana tupu haitoshi, wala haitoshi kiongozi wa mashtaka kusimama na kusema kwamba kosa hili linaudhi umma. Kinachotakiwa ni hati ya kiapo ya mpelelezi yenye mambo mahususi, na kifungu cha 123A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaonyesha pa kuelekeza macho: uzito wa kosa, tabia ya mshtakiwa na jinsi alivyofungamana na jamii anamoishi, kama aliwahi kupewa dhamana akaiheshimu au akatoroka, na nguvu ya ushahidi uliopo. Kiini cha yote hayo ni maswali mawili: je, mtu huyu atarudi mahakamani kila atakapoitwa, na je, akiwa nje atawaacha mashahidi na ushahidi walivyo?

Kabla ya kuyajibu maswali hayo, inafaa kuitazama karatasi ya mashtaka, maana hapo ndipo mambo mengi huamuliwa bila walalamishi kutambua. Kisa kilekile cha ajira hewa kinaweza kushtakiwa kwa njia kadhaa zenye adhabu zinazotofautiana mno. Njia ya kawaida ni kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, kosa lililo katika kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 3. Mtu aliyepoteza akiba ya miaka kumi huona adhabu hiyo ni mzaha, na sitamlaumu, lakini hakimu anayepima uzito wa kosa analazimika kuanzia kwenye adhabu iliyowekwa na Bunge. Kumweka rumande miaka miwili, kesi ikikokota miguu, mtu ambaye akipatikana na hatia hawezi kufungwa zaidi ya mitatu kwa shtaka moja, ni karibu sawa na kumwadhibu kabla ya hukumu.

Isitoshe, shtaka hilo lina tundu ambalo mawakili wa utetezi hulijua vizuri. Kifungu cha 312 kinaufafanua udanganyifu kuwa ni maelezo ya uongo juu ya jambo lililopita au lililopo, na tangu mwaka 1989 upo uamuzi unaonukuliwa sana kwamba ahadi ya jambo lijalo haiwezi peke yake kubeba shtaka hili. Aliyesema "nitakupeleka Kanada mwezi wa nane" ameahidi. Aliyesema "nina nafasi kumi za kazi katika hospitali ya Toronto na barua hizi hapa", ilhali hakuna nafasi na barua ni za kughushi, amedanganya juu ya jambo lililopo. Tofauti hiyo huonekana ndogo barabarani, ila mahakamani ndiyo inayoupa ushahidi nguvu au kuunyima. Kwa sababu nguvu ya ushahidi ni mojawapo ya mambo yanayopimwa wakati wa kuomba dhamana, mlalamishi aliyeandika taarifa polisi akataja ahadi pekee, akaiacha barua ya kazi, risiti yenye mhuri na picha ya leseni aliyoonyeshwa, amemrahisishia wakili wa mshtakiwa kazi bila kujua.

Njia ya pili ni Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, ambayo kwa kosa la ulanguzi inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hapa uzito wa kosa hubadilika kabisa, na masharti ya dhamana nayo hupanda. Lakini sheria hiyo inahitaji zaidi ya pesa kupotea: lazima ionekane kwamba mtu aliandikishwa au kusafirishwa kwa hila kwa lengo la kumtumikisha au kumnyonya. Wakenya waliopewa tiketi kwa ahadi ya kazi ya ofisini wakajikuta wamefungiwa katika vituo vya ulaghai wa mtandaoni Myanmar wanaingia hapo bila shida. Kijana wa Kaptembwa aliyetoa shilingi laki moja na nusu na hajawahi kuvuka Naivasha ni vigumu kumwingiza humo, na upande wa mashtaka unaopandisha shtaka ili tu kuzuia dhamana huishia kuaibika ushahidi unapotolewa.

Njia ya tatu husahaulika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe wa maandishi na ushuhudiwe na afisa wa leba, na ni kosa kumshawishi mtu aondoke nchini bila mkataba wa namna hiyo. Adhabu yake, hata hivyo, haizidi kifungo cha miezi 6 au faini ya shilingi 200,000, au vyote viwili, na Ibara ya 49(2) ya Katiba inasema waziwazi kwamba mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi 6. Kwa hiyo wakala aliyeshtakiwa kwa kosa hilo pekee ataondoka mahakamani siku hiyohiyo, na hakimu hana hiari katika jambo hilo.

Turudi kwenye maswali mawili, kwani ulaghai wa ajira za ng'ambo una sura zake ambazo wizi wa kawaida hauna. La kwanza ni hatari ya kutoroka. Mtu ambaye biashara yake ni kusafirisha watu ana pasipoti, ana viza au anajua njia ya kuzipata, na pengine ana washirika Doha au Dubai. Mengi kati ya makampuni haya huwa na ofisi ya kupangisha kwa miezi michache kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la katikati mwa mji, huku mwenyewe akiishi mahali pengine kabisa, kwa majina mawili na laini za simu tano. Hayo ndiyo mambo ambayo mpelelezi anapaswa kuyaweka kwenye kiapo: kwamba mwenye nyumba alimwona mara ya mwisho mwezi fulani, kwamba kitambulisho alichotoa hakilingani na jina alilosajili kampuni, kwamba alikamatwa akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege au mpakani Busia. Lakini ikiwa mshtakiwa ni mwalimu mstaafu wa Bahati mwenye shamba, mke na watoto shuleni, aliyejipeleka mwenyewe kituoni alipopigiwa simu, hakimu atasita kumwita mtoro kwa sababu tu walalamishi ni wengi.

Hata pale hatari ipo, mahakama huuliza kwanza kama inaweza kuzuiwa kwa masharti kabla ya kufikiria kumnyima mtu dhamana. Pasipoti huwekwa mahakamani. Mshtakiwa huamriwa kuripoti kwa mpelelezi kila wiki au kila wiki mbili, hukatazwa kutoka nchini bila kibali, huagizwa kuleta mdhamini Mkenya mwenye makao yanayojulikana, na ukiwapo msingi, hukatazwa kuendelea kuandikisha watu kazi wakati kesi inaendelea. Sharti hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo linalostahili kuombwa zaidi katika kesi hizi na ndilo linaloombwa mara chache. Mtu anayeachiliwa Jumatatu na kufungua ofisi nyingine Jumatano kwa jina jipya ni hatari kwa umma kwa namna ambayo pasipoti iliyofungiwa kabatini haiwezi kuizuia.

Swali la pili, la mashahidi, ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Vitisho vya wazi ni nadra. Kinachotokea kwa kawaida ni pesa kidogokidogo. Mshtakiwa, au shemeji yake, humpigia mlalamishi mmoja na kumtumia shilingi elfu ishirini kwa simu, akimwahidi nyingine mwisho wa mwezi ikiwa hatafika mahakamani. Mlalamishi mwenye deni la chama cha akiba hukubali, na asipofika mara mbili shtaka linalomhusu hudhoofika. Je, huko ni kuwaingilia mashahidi au ni kurudisha pesa za watu? Sheria haikatazi kurudisha mali. Inachokataza ni kununua ukimya. Ndiyo maana wapelelezi wenye uzoefu huomba iamriwe kwamba mazungumzo yoyote ya kurudisha pesa yapitie kwa mawakili au ofisi ya mashtaka. Mlalamishi anayepokea simu za namna hiyo afanye vyema kuhifadhi ujumbe na taarifa ya malipo ya simu, asifute chochote, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyokuwa msingi wa kuomba dhamana ifutwe.

Sasa kiasi. Hakuna jedwali linalosema kwamba ulaghai wa milioni sita unadai dhamana ya milioni tatu. Kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema dhamana iwekwe kwa kuzingatia hali ya kesi na isipite kiasi, na Mwongozo wa Sera ya Dhamana uliozinduliwa mwaka 2015 ulitungwa kwa sehemu ili kupunguza tofauti za ajabu kati ya hakimu mmoja na mwingine. Tuchukue mfano wa kubuni: watu 40 wametoa shilingi 150,000 kila mmoja, jumla milioni 6. Hakimu anaweza kuamuru bondi ya shilingi milioni 1 pamoja na mdhamini wa kiasi sawa, au badala yake dhamana ya pesa taslimu ya shilingi 300,000. Walalamishi husikia hiyo laki tatu na kuona kwamba mtu amelipa sehemu ndogo ya alichokula akaenda zake. Lakini dhamana ya taslimu ni amana: huwekwa mahakamani, na mshtakiwa akihudhuria hadi mwisho hurudishiwa, awe amepatikana na hatia au la. Bondi haitoi pesa mkononi siku hiyo. Mdhamini huleta hati ya shamba au kitabu cha gari, hati hiyo huthibitishwa, na mali hiyo hubaki imefungwa. Pesa hizo, ziwe ndogo au kubwa, hazikukusudiwa kuwafikia walalamishi. Mshtakiwa akitoroka na dhamana ikatwaliwa, huenda kwa serikali.

Jambo hili lilionekana mwaka 2023, maafisa wa zamani wa Kaunti ya Uasin Gishu walipofikishwa katika mahakama ya Nakuru kuhusiana na pesa za mpango wa kuwapeleka wanafunzi Ufini na Kanada, ambapo kiasi kilichotajwa katika mashtaka kilikuwa shilingi bilioni 1.1. Mpango ule ulihusu masomo na si ajira, na washtakiwa waliyakana mashtaka, lakini wazazi waliokuwa wameandamana Eldoret kudai pesa zao waliuliza lilelile: wameachiliwaje? Walioachiliwa walikuwa watu wanaojulikana kwa sura na makao, na ukubwa wa kiasi kilichodaiwa kupotea hauthibitishi kwamba mtu atatoroka.

Kuna pia mkanganyiko kati ya kunyimwa dhamana na kuzuiliwa kwa uchunguzi. Polisi wana saa 24 za kumfikisha mshukiwa mahakamani, au siku inayofuata ya kazi ikiwa saa hizo zinaishia wikendi. Katika kesi za ajira, saa hizo hazitoshi hata kuwaorodhesha waathiriwa, kwa hiyo mpelelezi hufungua faili ya maombi na kuomba siku kadhaa zaidi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu hadi siku 30 kwa mara moja, na jumla isiyozidi 90. Hakimu akitoa siku tano, walalamishi hufurahi kana kwamba dhamana imekataliwa, kisha hukasirika siku ya sita mshtakiwa anapoachiliwa. Dhamana haikuwa imeamuliwa bado.

Je, mlalamishi ana nafasi ya kusema lolote siku hiyo? Anayo, kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa haki ya maoni yake kusikizwa na usalama wake kuzingatiwa dhamana inapojadiliwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika rufaa iliyoanzia Bungoma, ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi mwenyewe au kupitia wakili, mradi asijigeuze kiongozi wa pili wa mashtaka. Mara nyingi hakimu pia huagiza ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, ambaye hutembelea nyumbani kwa mshtakiwa, huzungumza na chifu na majirani, na huwapigia walalamishi simu. Walalamishi wengi hupokea simu hiyo, wakamlaani mshtakiwa kwa dakika kumi na kukata. Afisa ameandika nini? Kwamba waathiriwa wana uchungu. Angeambiwa kwamba mshtakiwa ana nyumba nyingine Kampala, kwamba bado ameshikilia pasipoti za watu kumi na wawili, au kwamba wiki iliyopita ameonekana akikusanya vitambulisho Kakamega, ripoti ingekuwa na mambo ambayo hakimu hawezi kuyapita.

Walalamishi wanapotoka kaunti tofauti, faili huwa zaidi ya moja, na dhamana huamuliwa kwa kila faili. Hii ndiyo sababu mtu huweza kulipa Nakuru asubuhi na kukamatwa tena langoni mwa mahakama na maafisa waliotoka Eldoret. Mawakili hulalamika kwamba polisi hutumia njia hiyo kumchosha mshtakiwa, na wakati mwingine wana haki; kwa upande mwingine, mtu mwenye faili tatu na dhamana tatu ana sababu zaidi ya kutoroka kuliko mwenye moja, na hilo ni jambo halali kulieleza katika faili ya tatu. Masharti yakionekana makali mno au mepesi mno, upande wowote unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba yaangaliwe upya. Mshtakiwa asipofika bila sababu, hati ya kumkamata hutolewa, mdhamini huitwa kueleza kwa nini asilipe, na kwa kawaida mdhamini aliyeweka hati ya shamba la babake huwa hodari wa kumtafuta mtoro kuliko polisi.

Kuhusu pesa zenyewe, njia yake ni nyingine. Mashtaka hayaondolewi na mlalamishi aliyelipwa. Huondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa idhini ya mahakama, ingawa kwa makosa yasiyo makubwa mahakama inaweza kuhimiza mapatano. Kesi ya jinai ikiisha kwa hatia, fidia inaweza kuamriwa, lakini hakuna haja ya kusubiri hadi hapo, kwa kuwa kifungu cha 193A cha sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu kesi ya madai iende sambamba na ya jinai. Anayedai kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, bila kulazimika kuajiri wakili, akiwa na risiti, taarifa ya malipo ya simu na ujumbe alioandikiana na wakala, na sheria inaitaka mahakama hiyo iamue ndani ya siku 60.